Mahindi ya Oktoba, karo ya Januari

Sokoni Chwele, kaunti ya Bungoma, kwenye barabara inayopita Chuo Kikuu cha Kibabii, mahindi hupimwa kwa gorogoro, kopo la kilo mbili hivi. Baada ya mavuno kopo hilo huuzwa bei ya kutupa. Kufikia Mei au Juni bei imepaa, na mwenye shamba aliyeuza sasa ndiye mnunuzi.

Kwa miaka mingi wataalamu walimlaumu mkulima kwamba hajui biashara. Watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walilipima jambo hilo huku magharibi mwa Kenya, kati ya 2012 na 2014, kwa wateja wa One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006. Wakulima walikopeshwa fedha wakati wa mavuno, dhamana ikiwa magunia yaliyobaki nyumbani. Wengi walisubiri kuuza, na utafiti huo, uliochapishwa 2019, ulikuta faida ya asilimia 29 ya fedha zilizowekezwa. Mkopo wa Oktoba ulisaidia kuliko wa Januari, pengine kwa kuwa, karo ikikaribia, wengi walikuwa wameshauza kufikia Januari.

Wengine walipewa lebo tu za kubandika kwenye magunia, ili wapate kisingizio cha kumnyima shemeji anayeomba debe. Lebo pekee haikubadili kitu. Mashemeji tumewasingizia bure.

Lakini jambo zito zaidi lilijitokeza sokoni. Palipokuwa na wakopaji wengi, mahindi yaliyomiminika sokoni wakati wa mavuno yalipungua, bei haikuporomoka sana, na baadaye haikupaa sana. Jirani asiyekopa akanufaika, na faida ya mkopaji ikapungua. Hapo ndipo benki inaposhindwa: jirani huyo humtozi riba.

Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya 2019 inamruhusu mkulima kukopa kwa mahindi yaliyo ghalani. Inamfaa mwenye lori la mahindi Kitale kuliko mwenye magunia matano Kabuchai, ambaye nauli na gharama ya kukausha nafaka dhidi ya sumukuvu humlia faida kabla hajaiona.

Faida inayomwendea jirani ni kazi ya fedha za umma. Serikali imeshatoa ruzuku ya mbolea hadi mfuko wa kilo 50 ukauzwa shilingi 2,500. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kuchangia riba ya mkopo wa Oktoba, na wanafunzi wa biashara wa Kibabii wakafuatilia bei ya gorogoro Chwele mwaka mzima waone kama inatulia.