Japan: Sanamu ya tiba inayopapaswa na ile isiyoguswa

ASUBUHI ya Aprili 5, 2023, katika hekalu la Zenko-ji lililoko mjini Nagano, Japan, iligundulika kuwa sanamu ya mti iliyochongwa mwaka 1713 haipo mahali pake. Siku hiyo hiyo polisi waliipata katika mji wa Matsumoto, na mwanamume mmoja akakamatwa.

Mgeni angeweza kushangaa kilichomvutia mwizi. Uso wa sanamu hiyo umesagika, na macho, pua na mdomo vimekaribia kutoweka. Lakini kusagika huko ndiko kulikoipa heshima. Sanamu ni ya Binzuru, mmoja wa wanafunzi wa Buddha, ambaye Wajapani humwendea wanapopatwa na maradhi. Anayeumwa goti hulipapasa goti la sanamu, kisha hupapasa la kwake. Kwa zaidi ya miaka 300 mti umekuwa ukiliwa na viganja vya wagonjwa.

Hata hivyo, Binzuru ni mwanafunzi tu, na katika mahekalu mengi huwekwa nje ya ukumbi mkuu au karibu na mlango, wanakopita watu. Tabibu mwenyewe, yaani Buddha wa Tiba, ambaye Wajapani humwita Yakushi, hukaa ndani kabisa. Huyo haguswi na waumini.

Mfano mashuhuri uko Nara, katika hekalu la Yakushi-ji. Mwaka 680 Mfalme Tenmu aliweka nadhiri ya kulijenga ili mkewe aliyekuwa mgonjwa apone. Mke alipona, lakini mfalme akafariki mwaka 686 kabla ya kazi kumalizika. Mjane huyo, aliyetawala kwa jina la Jito, ndiye aliyeiendeleza. Mwaka 718 hekalu lilihamishiwa Nara, uliokuwa mji mkuu mpya.

Sanamu ya Yakushi iliyomo humo ni ya shaba iliyochanganywa na bati, na kimo chake ni kama mita 2.5 ikiwa imeketi. Ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 1528, na ule unaoonekana sasa ulikamilika mwaka 1976. Dhahabu iliyoifunika zamani imetoweka. Leo ni nyeusi inayong'aa.

Kila kiungo kina maana. Mkono wa kulia umeinuliwa, kiganja kikielekea mbele, ishara ya kumwambia mgonjwa asiogope. Mkono wa kushoto umelala pajani. Sanamu nyingi za Yakushi hushika chombo kidogo cha dawa mkononi humo. Hii, kama nyingine za kale, haina. Pembeni wamesimama Nikko, mwanga wa jua, na Gakko, mwanga wa mwezi, ambao hufananishwa na wauguzi wa zamu ya mchana na ya usiku. Huko Tibet, Buddha huyo huyo huchorwa mwenye mwili wa buluu, rangi ya jiwe la lazuli, akiwa ameshika mmea wa arura unaotumika katika tiba ya Kitibeti.

Utunzaji nao una taratibu zake. Kila Desemba 29 watawa wa Yakushi-ji husafisha sanamu kwa ajili ya mwaka mpya. Kwanza husoma dua ya kuiondoa roho ya sanamu kwa muda, ndipo huifuta kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto yaliyotumika kupikia mchele wa kunata wa kutengenezea mikate ya mochi. Siku nyingine waumini hukaa mbali nayo, jambo ambalo lina faida hata kwa asiyeamini, kwani jasho na chumvi ya vidole huichakaza shaba.

Kwa kipimo hicho, sanamu ya Nagano ingestahili kufungiwa ndani ya kioo. Mwizi angeshindwa kuifikia, na mti usingeendelea kuliwa. Lakini Binzuru asiyeweza kupapaswa hana tena kazi aliyochongewa, na mgonjwa aliyetoka mbali angebaki kumtazama tu.

Usiku wa Januari 6 kila mwaka, kwa desturi ya Zenko-ji, sanamu hiyo hukokotwa kwa kamba kuzunguka ndani ya ukumbi, huku waumini wakiisugua na kuipiga kwa miko ya kupakulia wali, wakiomba mwaka usio na maradhi.