Uwanja Tambarare Katika Nchi ya Milima

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga, akishaipita Peramiho na kuanza kupanda katika nchi ya Wamatengo, huiona ardhi ikijikunja na kuinuka, kilima nyuma ya kilima, na kila ubavu wa kilima umejaa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mithili ya sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro, elimu ya kilimo ambayo Wamatengo waliirithi kwa wazee wao, na ambayo wataalamu wa udongo wamekuja kuistaajabia: nyasi hufyekwa na kulazwa katika miraba, udongo hufukuliwa katikati ya mraba na kuzifunika nyasi zile zipate kuoza na kuwa mbolea, na shimo linalobaki huyakamata maji ya mvua yasiteremke bondeni pamoja na rutuba ya shamba. Watu walioihifadhi ardhi yao kwa namna hiyo, shimo kwa shimo, ni taabu kuwadhania kwamba wangekubali kuziacha hata hatua kumi za nchi tambarare zikae bila ya kupandwa kitu. Walakini aghalabu kila kijiji kina pahali pamoja palipo sawa, pasipo mgomba wala mbuni, penye nguzo mbili upande huu na nguzo mbili upande ule.

Thamani ya pahali hapo yafaa ipimwe kwa hesabu. Sheria za kandanda zinataka kiwanja kisipungue mita 90 kwa urefu na mita 45 kwa upana. Zidisha, utapata mita za mraba 4,050, ambazo ni sawasawa na eka moja. Katika eka moja, kwa nafasi ya mita 2.7 ambayo wakulima wengi wamefundishwa kuiacha baina ya mche na mche, huingia mibuni zaidi ya 500. Na kahawa ndiyo fedha ya Mbinga, ndiyo karo ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari ya kijana anayetaka kuoa. Kwa hiyo kijiji kinapoiacha eka hiyo kwa ajili ya mpira, hakifanyi jambo dogo. Watu wa pwani wana neno lao kwa mali iliyotengwa na mwenyewe kwa manufaa ya watu wote, isiuzwe wala isirithiwe: huiita wakfu. Mimi sioni neno jingine linalokifaa zaidi kiwanja cha kijiji cha Umatengo, na ni kwa imani hiyo nataka kueleza viwanja, timu na mashindano ya upande wetu huu wa Ruvuma, tangu kiwanja cha mlimani hadi uwanja mkubwa wa Songea, na hata ule wa Dar es Salaam, ili idhihirike kwamba uwanja mkubwa ni mtoto wa kiwanja hiki kidogo.

Niliwahi kusimama kwenye kiwanja cha shule moja ya msingi juu ya mji wa Mbinga, mwezi wa Agosti, wakati wa kuchuma kahawa, siku timu mbili za vijiji jirani zilipokuwa zikigombea mbuzi. Mbuzi mwenyewe alifungwa kwenye shina la mkaratusi nyuma ya goli, mahali ambapo kila mchezaji alimwona. Nguzo zilikuwa za miti iliyokatwa karibu, mwamba wa juu ulikuwa ni kamba, na mwalimu aliyekuwa refa alikimbia na filimbi yake shingoni kwa taadhima kama aliyepewa fainali ya taifa. Kila mpira uliotoka upande wa bonde uliporomoka shambani, lakini haukufika mbali, kwa kuwa lile shimo la ngoro lililochimbwa kuyazuia maji liliuzuia na mpira nao. Na mtoto aliyewekwa pale chini makusudi akauchomoa, akaufuta udongo kwa shati lake, akaurusha juu kwa mikono miwili. Mbuzi alichinjwa jioni ile ile, na walioshindwa wakaitwa wakale pamoja na walioshinda. “Karibuni, wanangu,” mzee mmoja aliwaambia, “mwakani mtamchukua nyinyi.” Nao wakaitika, “Asante, baba,” wakaketi.

Ukishuka sasa kwa barabara ya lami inayozunguka milima hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, utaikuta hali nyingine. Huko ardhi tambarare haina uhaba, maana mchanga wa ziwa ni kiwanja kilichotandazwa bila ya mtu kukisawazisha. Chenye uhaba huko ni wakati. Wavuvi wa usipa hufanya kazi usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki pale tu palipo na giza, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kubwa usipa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika ufukoni. Hizo ndizo siku za vijana wa ziwani kupata usingizi wao wa usiku na kucheza mpira jioni kwa miguu yenye nguvu, hata mtu aweza kusema kwamba kalenda ya soka ya mwambao wa Nyasa imeandikwa mbinguni.

Na tusidhani kwamba habari ya timu, ya sare na ya kusafiri kwenda kushindana ilianza kwetu na mpira. Wanyasa walikuwa na mganda, ngoma ya wanaume iliyotokana na beni la pwani, ambayo wachezaji wake hujipanga safu kama askari, wamevaa nguo safi za kufanana, wana vyeo vyao na wakubwa wao, na kijiji kimoja hukialika kingine kije kichezewe na kupimana ustadi. Mpira ulipokuja uliwakuta watu ambao tayari wanaelewa maana ya kuivalia jamaa yako sare, kumtii kiongozi, kumkirimu mgeni uliyeshindana naye, na kurudi nyumbani na jina jema au kukosa.

Mito yote hii ya vijiji hukusanyika Songea. Uwanja wa Majimaji, ulio katika mji huo, na timu ya Majimaji iliyoufanya kuwa nyumba yake, vimechukua jina la vita vya 1905 hadi 1907, ambamo watu wa kusini walisimama kuupinga utawala wa Wajerumani; na jina hilo si pambo tu, kwa maana katika mji huo huo, tarehe 27 Februari 1906, viongozi na mashujaa wa Kingoni walinyongwa, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho yao kuwakumbuka. Mashabiki nao waliiita timu yao Wanalizombe, kwa lizombe, ngoma mashuhuri ya Wangoni. Timu iliyobeba vita kwa jina lake na ngoma kwa lakabu yake haiwezi kuwa ya mji mmoja. Ilikuwa ya Mbinga, ya Namtumbo, ya Tunduru na ya ziwani vilevile.

Nayo haikuwaaibisha watu wake. Katika Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu bora za Bara na za Visiwani, Majimaji ilitwaa ubingwa mwaka 1985, ikaurudia mwaka 1986, kisha ikautwaa tena mwaka 1998. Msomaji kijana, aliyezoea kusikia majina mawili tu, Simba na Yanga, na aipime habari hii kwa insafu: mwaka huo wa 1986 ubingwa wa Bara ulichukuliwa na Tukuyu Stars ya Mbeya, na ule wa Muungano ukakaa Songea, hata fahari ya soka ya nchi nzima ikawa imehamia nyanda za kusini, kwenye mvua na ukungu, mbali na Kariakoo.

Baadaye nyota ile ilififia. Majimaji ilishuka, ikapanda tena Ligi Kuu kwa msimu wa 2015/16, na mwaka 2018 ikashuka pamoja na Njombe Mji. Sababu kubwa ni ya uchumi: mpira wa siku hizi huendeshwa kwa mishahara, usajili na safari ndefu, na timu ya wananchi isiyo na kampuni wala tajiri nyuma yake hujikuta ikienda Mwanza na Kagera kwa michango, ilhali wapinzani wake huenda kwa ndege. Lakini uwanja upo, jina lipo, na mashindano ya kila mwaka hayajakoma. Shule za msingi zina UMITASHUMTA na za sekondari zina UMISSETA, ambayo huanzia shuleni na katani, yakapanda wilayani na mkoani hadi taifa, yakiwachuja watoto wa mpira wa miguu, wa pete, wa wavu na wa riadha. Na tamasha la Majimaji Selebuka, lililoanzishwa Songea katika muongo wa 2010, limewaleta pamoja wakimbiaji, waendesha baiskeli na wacheza ngoma wa asili.

Juu ya yote hayo uko Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watu 60,000, jirani ya Uwanja wa Uhuru ambamo bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa Desemba 1961. Hapo ndipo Simba, ya mwaka 1936, na Yanga, ya mwaka 1935, hukutana na kuisimamisha nchi. Hapo ndipo Simba huwaonyesha watu wachezaji wake wapya katika Simba Day, na Yanga nayo hufunga Wiki ya Mwananchi. Na hapo ndipo mashindano ya Afrika ya CHAN yalipofunguliwa tarehe 2 Agosti 2025. Uwanja huo ulipewa jina la Rais Mkapa alipofariki Julai 2020. Wengi wanajua kwamba alizaliwa Lupaso, Masasi. Wachache wanakumbuka kwamba katika ujana wake alisoma seminari ya Kigonsera, humu humu Mbinga. Basi kila anayelitaja jina la uwanja mkubwa kuliko yote nchini amemtaja, ajue asijue, mtu aliyepata sehemu ya elimu yake katika milima hii.

Hapa ndipo penye neno langu. Miji inakua, Mbinga nayo inakua, na ardhi iliyo sawa ndiyo ya kwanza kutamaniwa na mwenye kujenga duka, ghala au nyumba ya wageni. Kiwanja hakina mwenyewe wa kukililia. Hupunguzwa pembe moja mwaka huu na pembe nyingine mwaka ujao, mpaka watoto wanarudi barabarani na chandimu yao ya matambara. Dawa yake ipo na haihitaji fedha nyingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika katika daftari lake kwa idhini ya mkutano mkuu, na ardhi iliyoandikwa hivyo haigawiwi mtu binafsi. Mikutano hufanyika, wazee wapo, vijana wapo, kinachotakiwa ni mmoja wao kusimama na kusema, “Wazee wangu, tuuandike na uwanja.”

Hasara ya kuuacha bila kuandikwa itaonekana polepole, kwanza kwenye UMITASHUMTA, kisha Songea, kisha kwenye timu ya taifa. Mbuni hustawi hata ubavuni mwa kilima, na Wamatengo waliyajua hayo kabla hatujazaliwa. Lakini mpira hauchezwi ubavuni, nasi milima tunayo mingi kuliko viwanja.