Karani, Tishari na Jedwali la Kurasa: Ufafanuzi wa Marekebisho ya Hitilafu ya Kumbukumbu katika Xen, 2015–2016

Tarehe 29 Oktoba 2015 mradi wa Xen ulitoa taarifa ya usalama namba 148. Taarifa hiyo ilihusu hitilafu iliyokuwamo katika msimbo wa usimamizi wa kumbukumbu tangu toleo la 3.4 la mwaka 2009. Aliyepanga mashine pepe moja angeweza, kwa njia hiyo, kuitawala kompyuta nzima pamoja na mashine za wapangaji wenzake. Zahanati au chama cha ushirika cha Tanga kinachoweka rekodi zake katika mashine pepe ya kupanga hakiioni kompyuta inayoibeba mashine hiyo; faragha ya rekodi hizo hutegemea ukaguzi wa aina inayojadiliwa hapa.

Katika uwanja huu Kiswahili kina nafuu ya istilahi. Programu inayogawa rasilimali za kompyuta ni mwenyeji, na mfumo endeshi unaopewa sehemu yake ni mgeni. Maneno hayo hayahitaji kubuniwa upya. Xen ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa hadharani mwaka 2003, wakati vichakataji vya x86 havikuwa bado na msaada wa maunzi kwa mashine pepe. Kwa sababu hiyo mgeni wa Xen alifanywa ajue kwamba yeye ni mgeni: haandiki mwenyewe katika majedwali ya kurasa, yaani majedwali yanayomwonyesha kichakataji mahali halisi pa kila ukurasa wa kumbukumbu, bali humwomba mwenyeji aandike kwa niaba yake. Mwenyeji hukagua kila ombi. Kanuni inayolindwa ni moja: ukurasa unaotumika kama jedwali usiwe wakati huohuo ukurasa ambao mgeni anaweza kuuandika. Kanuni hiyo ikivunjwa mara moja tu, mgeni hujiandikia anwani yoyote aitakayo, na hapo hakuna tena mgeni wala mwenyeji.

Ukaguzi kamili una gharama. Ndiyo maana msimbo uliwekewa njia ya mkato: ikiwa ingizo jipya la jedwali linaelekeza kwenye anwani ileile ya awali, na hali ya kuwapo kwa ukurasa haijabadilika, ombi lilipitishwa bila kukaguliwa upya. Mfano wa bandari ya Tanga unasaidia hapa. Kwa miaka mingi, kabla ya gati kuongezwa kina, meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikafikishwa ufukweni kwa matishari. Tuchukulie karani anayelipitisha tishari kwa sababu tu namba yake ni ileile aliyoiandika asubuhi, bila kutazama kilichopakiwa. Karani huyo hajadanganywa kuhusu namba, kwani namba ni sahihi.

Kilichobadilishwa na mgeni katika kisa cha 2015 hakikuwa anwani, bali biti ya ukurasa mkubwa katika ingizo la ngazi ya pili. Biti hiyo ikiwa sifuri, ingizo huelekeza kwenye jedwali la ngazi ya kwanza lenye maingizo 512, kila moja likihusu ukurasa wa kilobaiti 4. Ikiwa moja, anwani ileile husomwa kama mwanzo wa eneo mfululizo la megabaiti 2, na jedwali lenyewe huwa ndani ya eneo hilo. Biti ya ruhusa ya kuandika ikiwapo pia, mgeni anaandika juu ya jedwali lake mwenyewe. Chanzo kilikuwa nyongeza ya huduma ya kurasa kubwa: waliyoiongeza hawakuirekebisha njia ya mkato, tena waliiondoa biti hiyo katika orodha ya biti zilizokatazwa bila kujali kama mwenyeji ameiwasha huduma au la. Hata asiyeitumia alikuwa wazi kushambuliwa.

Marekebisho yalikuwa mafupi: katazo likarudishwa pale huduma isipowashwa, na kitendaji mod_l2_entry kikaanza kutazama biti ya ukurasa mkubwa na ya kuandika kabla ya kushika njia ya mkato. Yalikuwa sahihi, lakini yaliziba ufa ulioonekana katika ngazi ya pili tu. Swali la msingi, yaani ni mabadiliko yapi hasa yasiyohitaji ukaguzi, halikuulizwa kwa ngazi nyingine.

Lilijiuliza lenyewe tarehe 26 Julai 2016, katika taarifa namba 182. Safari hii mgeni aliweza kuweka ingizo la ngazi ya nne linalojielekeza kwenye jedwali lake lenyewe kwa kusoma tu, jambo lililoruhusiwa, kisha kuongeza biti ya kuandika kwa kupitia mkato uleule. Marekebisho haya yaligeuza mantiki. Badala ya kutaja biti zinazozuia mkato, msimbo ulitaja biti chache zisizo na madhara, kama zile zinazoonyesha kwamba ukurasa umesomwa au umeandikwa. Badiliko lolote nje ya hizo hurudi kwenye ukaguzi kamili. Orodha hiyo ilitumika kwa ngazi zote nne.

Watengenezaji wa Qubes, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Xen kwa ajili ya usalama, hawakuridhika na viraka pekee. Katika toleo la 4.0 la mwaka 2018 walizihamisha mashine nyingi kutoka kwenye mfumo huo wa maombi kwenda kwenye ule ambao majedwali ya mgeni hutenganishwa na maunzi yenyewe.