Kisiwa Kisichozungukwa na Maji

Ukisimama Raskazone, Tanga, Kisiwa cha Toten unakiona hapo mbele, kana kwamba ukiita utaitikiwa. Kwa mnyama asiyeogelea, mkondo ule ndio mwisho wa dunia.

Kisiwa hicho hunijia kila wanapotaja lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo. Sisi wa Tanga tunaitaka; aliyewahi kunasa kwenye tope la masika na mgonjwa garini hawezi kuikataa. Ila ng'ambo ya Mto Pangani njia hiyo inaingia Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako nyika inashuka hadi ufukweni. Simba wamo, chui wamo.

Gurudumu ni hatari ya wazi. Lami hutunza joto la mchana, na usiku simba hujilaza juu yake kama paka kando ya jiko. Macho yake yameumbwa kukusanya mwanga hafifu. Taa kali zikimmulika, haoni. Mikumi, ambako barabara kuu ya Zambia inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, wameweka matuta na vibao vya faini, kila mnyama na bei yake. Lakini anayegonga saa nane usiku nani anamwona?

Hatari ya pili haimwagi damu: ni kutengwa, kama kisiwani. Simba dume akifika miaka miwili au mitatu hufukuzwa nyumbani, akahangaike hadi apate kundi la ugenini. Msururu wa malori, na mashamba na mitego ya waya inayofuata barabara, humrudisha alikotoka. Kreta ya Ngorongoro inaonyesha matokeo ya kutengwa: mwaka 1962 inzi waumao waliwafyeka simba, wakabaki kama 10. Madume wachache mno waliingia kutoka nje, ndugu wakazaana, na watafiti wakakuta mbegu za madume zimeharibika. Unguja nako bahari iliwatenga chui na bara. Waliposakwa na kuuawa karne iliyopita, hakukuwa na chui wa kuja kuziba pengo. Wengi wanaamini wamekwisha.

Dawa inajulikana. Chui hupita hata kwenye kalavati, mradi liwe pana, kavu na lenye kichaka mdomoni. Simba anahitaji daraja lenye uwazi, aone ng'ambo kabla hajaingia. Na usiku, saa zake za kutembea, njia inaweza kufungwa kwa boriti moja na askari wa zamu.