Njano Isiyokuwamo Ndani ya Taa

Taa mbili zikimulika ukuta mweupe zaweza kufanana kabisa, lakini akipita mbele yake mchezaji wa sindimba, ngozi yake ikawa na rangi moja upande huu na nyingine upande ule. Hapo ndipo kazi ya kulinganisha taa za LED na jeli za zamani inapoanza.

Chukua jukwaa la usiku pale Nanganga, barabara ya Mingoyo–Masasi inapopokea ile ya Ruangwa na Nachingwea. Taa nane za kizamani aina ya PAR 64, kila moja wati 1,000, zinataka kilowati 8 za jenereta kabla spika hazijawashwa. Taa ya LED ya jukwaani mara nyingi hula wati 100 hadi 200. Kwa hesabu hiyo LED zimeshinda, na ni haki yake. Ila kuna kitu kimepotea, na kinastahili kutafutwa.

Waya wa tungsten ulio ndani ya taa ya jukwaani huwaka kwa joto la takriban kelvini 3,200, na mwanga wake una mawimbi yote, bila pengo. Jeli, ile karatasi ya plastiki inayowekwa mbele ya taa, haiongezi rangi, inazuia tu. Lee 104, ya kaharabu iliyokolea, huzuia bluu na kuacha njano, chungwa na nyekundu zipite pamoja.

LED hufanya kinyume: hujumlisha. Ile ya rangi tatu ina nyekundu karibu nanomita 625, kijani karibu 525 na bluu karibu 465. Njano halisi, karibu nanomita 580, imeangukia bondeni kati ya kijani na nyekundu. Jicho haligundui, kwa kuwa lina aina tatu tu za seli za rangi. Likipata kijani na nyekundu kwa kiasi kinachofaa, ubongo husoma njano. Ngozi na kitenge havina ubongo. Hurudisha kile tu kilichovifikia, na ngozi yetu ya kahawia, ambayo uzuri wake umo katika njano na chungwa, huelekea wekundu uliopitiliza.

Ndiyo maana taa bora huongezewa LED ya kaharabu, na nyingine ya kijani-njano. Kwa Lee 181, bluu ya urujuani inayopitisha karibu asilimia 1 tu ya mwanga, inahitajika LED ya mawimbi mafupi zaidi, karibu nanomita 450. Bluu ya kawaida haifiki huko hata uisukume vipi.

Fundi makini huweka taa ya zamani yenye jeli kando ya LED, zote zikimulika kitambaa kimoja cheupe, akarekebisha hadi mpaka wa katikati upotee. Kisha huingiza mkono wake na kipande cha vazi litakalovaliwa, akarekebisha tena, hata kama kitambaa cheupe kitaacha kufanana kidogo. Mimi ningetoa sadaka ukuta kuliko uso wa mchezaji. Namba za kila chaneli ya rangi, 0 hadi 255, huandikwa hapo hapo.

Jaribio hilo lirudiwe taa zikiwa zimepunguzwa. Tungsten ikififia huzidi kuwa nyekundu, ilhali LED hubaki na rangi ile ile, kwa hiyo namba zilizokubaliana kwenye mwanga kamili hazitafaa kwenye nusu yake.