Weka Kikumbusho Siku Pesa Zinapoingia, Usingoje Siku ya Kulipa

Mama mmoja wa Mambrui anayeuza samaki wa kukaanga alitupa kisa kilichotuchekesha kwanza, kisha kikatunyamazisha. Chama chake hukusanya mchango kila Jumamosi saa mbili usiku. Kila mmoja hutuma pesa zake kwa mweka hazina kupitia simu, na anayechelewa hutozwa faini. Mama huyu alikuwa amenunua simu janja yake ya kwanza, akaona amepata msaidizi. Akafungua kalenda, akaandika "chama", akaweka 2:00.

Jumamosi hiyo simu ililia saa nane usiku wa manane. Watoto wakaamka, mume akauliza kuna msiba gani. Mama akaizima, akalala. Jioni ilipofika simu ikanyamaza, naye yuko kwenye karai lake na wateja wamejaa. Mchango haukuenda. Alipochelewa mara tatu, wenzake wakamrudisha nyuma kwenye foleni ya kupokea. Zamu aliyoipoteza ndiyo aliyokuwa ameihesabia karo ya binti yake.

"Simu haikunidanganya," alituambia. "Ni mimi na yeye tu, hatuhesabu saa sawa."

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuzunguke Malindi, Watamu, Gede, Mayungu na Kilifi mjini kuuliza swali moja: je, vikumbusho vya simu vinakusaidia kulipa kwa wakati, au vinakupigia kelele tu? Majina ya watu tumeyaacha kwa sababu mambo ya pesa ni siri ya mtu. Maoni yao tumeyaleta jinsi walivyoyatoa.

Saa ya simu na saa yetu

Simu huanza kuhesabu siku usiku wa manane. Sisi tunaanza jua likichomoza. Tofauti ni saa sita, na kila mtu analijua hilo, lakini ukiwa na haraka kidole huandika kile ambacho mdomo umezoea kusema. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Saa kumi na moja jioni ni 17:00.

Dawa waliyotupa watumiaji wengi ni rahisi: nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uchague mtindo wa saa 24. Simu ikikuonyesha 20:00, hakuna namna ya kuichanganya na asubuhi. Pia, ukiweka kengele kwenye simu nyingi za Android, ujumbe mdogo hutokea chini ya skrini kukueleza kengele italia baada ya saa ngapi. Usome. Ikiwa sasa ni mchana na unataka kukumbushwa jioni, halafu simu inasema saa kumi na mbili zijazo, ujue umeteleza.

"Kikumbusho niliweka, simu ikakaa kimya"

Lalamiko hili tulilisikia zaidi kuliko mengine yote. Kijana wa tuktuk pale Malindi alinunua simu yake kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Simu za mpango huo hujifunga malipo yakichelewa. Alikuwa ameweka kikumbusho cha kila jioni, lakini siku moja hakikulia. Asubuhi akakuta simu imejifunga, na wateja wake wote wa kuwapeleka kazini humpigia kwa laini hiyo. Alipoteza mapato ya asubuhi nzima kwa sababu ya malipo ya siku moja.

Kwa nini simu hunyamaza? Tangu Android 6 iliyotoka mwaka 2015, simu ikikaa mezani bila kuguswa hulaza programu zake ili kuokoa betri. Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huongeza viokoa betri vyao juu ya hapo. Android 12 ya mwaka 2021 ikaleta ruhusa maalum kwa programu zinazotaka kulia kwa dakika kamili. Android 13 ya mwaka 2022 ikazitaka programu mpya zikuombe ruhusa kabla ya kukutumia arifa. Wengi wetu swali hilo likitokea tunabonyeza "usiruhusu" ili liondoke, halafu tunalaumu kalenda.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Fungua mipangilio, tafuta programu yako ya kalenda, uangalie kama arifa zimeruhusiwa. Hapo hapo angalia upande wa betri, uhakikishe programu hiyo haijawekewa kizuizi. Mwisho, tafuta ruhusa ya kengele na vikumbusho, uiwashe. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini mambo ni hayo. Ukimaliza, jaribu: weka kikumbusho cha dakika kumi zijazo, zima skrini, iache simu mezani. Ikilia, uko salama.

Wenye iPhone nao wana yao. Dada mmoja anayefanya kazi hotelini Watamu anapenda kitu kilicholetwa na iOS 13 mwaka 2019: anaweza kuweka kikumbusho kitokee pale anapomwandikia mtu fulani ujumbe. Amekifunga kwa mwenye nyumba wake. "Nikianza tu kumwandikia, simu inaniambia nina deni la maji," alisema huku akicheka. Lakini aliwahi kukosa vikumbusho vingine kwa sababu aliwasha hali ya utulivu wakati wa zamu ya usiku, akasahau kuizima. Kama unaitumia, ruhusu programu ya vikumbusho ipite.

Kuna mzee wa Gede tuliyempa shikamoo kwenye kibanda chake cha nazi, ambaye hataki kusikia habari ya simu janja. "Wanangu," alituambia, "hii kabambe yangu nikiizima bado italia alfajiri. Hizo zenu zikizima chaji, zimekufa." Ana hoja. Kabambe nyingi za zamani hulia hata zikiwa zimezimwa, na simu janja nyingi haziwezi. Ikiwa stima hukatika mara kwa mara kwenu, weka vikumbusho vya pesa saa ambazo simu yako huwa na chaji, na si alfajiri betri ikiwa imebaki tone.

"Nikumbushe, usinikate"

Mayungu ndipo tulipojifunza jambo kubwa zaidi. Tuliwauliza wavuvi na kina mama wa pweza kwa nini hawapendi malipo ya kujirudia, yale ambayo simu huyakata yenyewe tarehe ileile kila mwezi. Tulidhani hawayajui. Wanayajua vizuri. Mmoja alitujibu: "Tarehe tano yenu inaweza kuangukia maji mafu. Utakata nini, na mimi sijashuka mwambani? Nikumbushe, usinikate."

Kwa msomaji wa bara: bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji yakipwa mbali, mwamba huwa wazi na pweza hupatikana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, na anayetegemea mwamba hupata kidogo. Pesa hazifuati tarehe za ukutani, zinafuata mwezi wa mbinguni.

Si wavuvi pekee. Mhudumu wa hoteli Malindi au Watamu hupata zaidi wageni wanapojaa, kisha mvua za Aprili na Mei zinakuja na hoteli nyingine hufunga kabisa. Muuza maembe ana msimu wake. Dereva wa tuktuk ana Ijumaa na mwisho wa mwezi. Kila mmoja ana siku ambayo mkono wake una pesa, na mara nyingi siku hiyo haifanani na siku ya kulipa.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu sote, na sisi wa kampuni tumo. Tumezoea kuwaambia wateja: weka kikumbusho siku ya mwisho ya kulipa. Siku hiyo kikilia, kinakukuta huna. Kinakupa hofu, na hofu humpeleka mtu kwenye mkopo wa haraka. Kikumbusho chenye faida ni kile kinacholia siku pesa zinapoingia, kabla hazijapata miguu.

Tuchukue mfano wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Kutoa Sh3,600 kwa mkupuo ni mzigo. Lakini kwa mwaka kuna bamvua zipatazo 24. Gawanya: ni Sh150 kila bamvua. Kina mama wa pweza tuliowafanyia hesabu hiyo walitazamana, mmoja akasema, "Hiyo ni bei ya kusahau, wallahi." Wakati wa kusi bahari ikichafuka, bamvua nyingine zitapita bila kitu. Basi weka Sh200 au Sh250 kwenye kaskazi, bahari ikiwa shwari, ili kufidia.

Tahadhari moja. Usiweke kikumbusho cha bamvua kijirudie kila baada ya siku 14. Mwezi wa mbinguni huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, na wiki nne ni siku 28. Kila mwezi simu itatangulia kwa siku moja na nusu, na baada ya miezi miwili itakuwa imetangulia kwa siku tatu. Badala yake, fungua mipangilio ya Kalenda ya Google au ya iPhone, utafute kalenda mbadala, uchague ya Kiislamu. Tarehe za mwezi mwandamo zitaonekana kando ya zile za kawaida, nawe utaweka vikumbusho vyako karibu na mwezi 1 na mwezi 15. Hesabu ya simu inaweza kupishana kwa siku moja na mwezi unaoonekana kwa macho. Kwa funga na Idi subiri tangazo. Kwa kuweka akiba, siku moja haidhuru.

Tarehe ambazo hazisogei

Zipo siku ambazo hazijali bamvua wala msimu. Ritani za KRA hufungwa tarehe 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa faini huanzia Sh2,000. Shule hufunguliwa muhula wa kwanza Januari. Kwa hizi weka vikumbusho viwili: cha kwanza miezi miwili kabla, cha pili wiki moja kabla. Viandike vijirudie kila mwaka, ili mwakani usianze upya.

Na kuna mtego wa tarehe 31. Ukiweka kodi ya nyumba ijirudie kila mwezi tarehe 31, kalenda nyingi huruka miezi isiyo na siku hiyo: Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Miezi mitano simu itakaa kimya na mwenye nyumba atabisha hodi. Tumia tarehe 28.

Vilevile, kama uliwahi kuweka vikumbusho ndani ya Kalenda ya Google zamani, jua kuwa mwaka 2023 Google ilivihamishia kwenye Majukumu. Hebu fungua uone kama vyako bado vipo na bado vinalia.

Kikumbusho chako na cha mwizi

Matapeli nao wamejua kwamba tunasahau. Hutuma ujumbe: malipo yako yamechelewa, lipa sasa kwa namba hii, au bonyeza hapa. Ukiwa umeweka vikumbusho vyako mwenyewe, una kinga. Ujumbe ukija na kalenda yako haina habari hiyo, kaa kitako. Usilipe kwa namba iliyokuja ndani ya ujumbe. Lipa kwa ile unayoijua, na usome jina kabla ya kuthibitisha. Sisi hatutakuuliza PIN yako, si kwa simu, si kwa ujumbe, na mtu yeyote anayeiuliza ni mwizi.

Usiandike PIN ndani ya kikumbusho, hata kwa mafumbo. Na kama simu inatumiwa na familia nzima, ficha maelezo ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. "Pokea chama Sh18,000 leo" si maneno ya kusomwa na kila mpita njia.

Fanya leo

Chukua simu yako. Jiulize: pesa huniingia siku gani? Weka kikumbusho kimoja tu siku hiyo, saa ambayo umeshapata lakini hujatumia. Andika jambo na kiasi: "SHA, 150." Kijaribu kama kinalia. Kikizoeleka, ongeza cha pili. Waliotuambia wamefaulu walianza na kimoja, na waliojaza kumi siku ya kwanza walivizima vyote ndani ya wiki.

Mama wa Mambrui sasa ana vikumbusho viwili. Kimoja ni Jumamosi 20:00. Cha pili, ambacho ndicho anachokitegemea, hulia Ijumaa 17:00, karai likiwa bado moto na wateja wakilipa. Hapo hapo hutuma mchango. Jumamosi kile cha kwanza kikilia, hukizima tu na kuendelea na kazi. Zamu yake ya kupokea imerudi kwenye foleni, na binti yake yuko darasani.