Kusafiri Peke Yako: Hukumu Yake na Malezi Yake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa nyepesi kwa waja wake ili watembee katika pande zake na wale katika riziki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyehama Makka kwenda Madina akiwa na sahibu yake, na ziwafikie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu msomaji, mwenye kuswali Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hazoei nyuso za safu moja. Ijumaa hii utasimama bega kwa bega na kijana wa Kasulu. Ijumaa ijayo mahali pake amesimama kijana wa Tabora au wa Ukerewe, na ukimwulizia yule wa kwanza utaambiwa amesikia kuna duara limetema upande wa Geita, akachukua begi lake akaondoka. Wengi wao wamekuja peke yao. Na kwa kuwa ni watu wanaoswali, huja na swali ambalo maimamu wa ukanda huu wa dhahabu wanalijua vizuri: je, Mtume (S.A.W.) si amekataza mtu kusafiri peke yake? Wengine huja na kauli iliyo kinyume chake, kwamba kijana hakomai mpaka atoke mwenyewe, asiye na mjomba wa kumpokea wala kaka wa kumkopesha nauli. Kauli hizi mbili zote zina asili katika dini, na kila moja ikichukuliwa peke yake humpotosha mwenye kuishika.

Hadithi mbili ndizo msingi wa mas-ala haya. Ya kwanza ameipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.). Maana yake ni kwamba lau watu wangejua anayoyajua Mtume (S.A.W.) kuhusu upweke, hakuna mpanda mnyama ambaye angekwenda usiku peke yake. Ya pili imo katika Muwatta ya Imamu Malik na katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kwa njia ya Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Humo msafiri mmoja ameitwa shetani, wawili wakaitwa mashetani wawili, na watatu ndio wakaitwa msafara.

Msomaji akiishia hapo atasema safari ya mtu mmoja ni haramu. Lakini tazama ufakihi wa Imamu Bukhari. Katika Kitabu cha Jihadi ameweka mlango wa kwenda mtu peke yake, na katika mlango huo huo wenye hadithi ya Ibn Umar ameweka pia hadithi ya Jabir (R.A.) kuhusu vita vya Handaki, pale Mtume (S.A.W.) alipotaka mtu wa kumletea habari za adui, Zubair bin Awwam (R.A.) akaitika mara tatu, naye akakubaliwa na kusifiwa. Katazo na ruhusa vimekaa chini ya paa moja.

Al-Hafidh Ibn Hajar, katika Fat-hul Bari, ananukuu maelezo ya Imamu Tabari ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa mlango wote. Tabari anaeleza kwamba katazo hili ni la adabu na uongozi, si la kuharamisha, na sababu yake ni kuogopewa mtu vitisho na mawazo ya upweke. Anayekwenda nyikani peke yake, kama anayelala peke yake nyumbani, hasalimiki na hofu, hasa akiwa mtu wa fikra mbaya na moyo dhaifu. Kisha anaongeza kwamba watu hawalingani katika hilo. Yaani hukumu inamtazama msafiri mwenyewe: ni nani, anabeba nini moyoni, na anakwenda wapi.

Al-Khattabi naye ameeleza sababu nyingine. Mtu akifa peke yake safarini hana wa kumwosha wala wa kumzika, hana wa kumwachia wasia, wala wa kuchukua mali yake na habari zake akawafikishia watu wake. Na amenukuu kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alipotajiwa mtu aliyesafiri peke yake alihoji: huyo akifa, mimi nitamwuliza nani habari zake?

Swali hili la Umar lina uzito kwetu sisi wa machimboni kuliko kwa watu wa mjini. Basi linalotoka Kahama lina abiria zaidi ya hamsini, na hakuna mwanachuoni atakayesema kwamba huo ni upweke wa jangwani. Lakini abiria wa kiti cha pili halijui jina lako. Ukishuka, unaingia kwenye kambi ambako watu huitwa kwa majina ya utani, na mwenye duara anakujua kama mtu wa viroba vingapi, hajui wewe ni mtoto wa nani. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata huku huku Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao wa sita alifia humo. Hao walikuwa kundi, wakahesabika. Mtu aliyefika jana usiku, akaingia shimoni leo asubuhi, na jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho alichokiacha kwa mama lishe kama rehani ya chakula, huyo nani atamhesabu?

Fiqhi imeshughulika hata na hilo. Mafakihi wetu wa Kishafii wamesema maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wasio Waislamu bila kutambulikana, wote huoshwa na kuswaliwa, na mwenye kuswali akawakusudia walio Waislamu. Ni hukumu ya huruma. Lakini mzazi gani angependa mwanawe aswaliwe kwa mlango huo?

SAFARI NA KUFUNUA

Sasa tuje upande wa pili, upande wa malezi. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ameeleza kwamba safari imeitwa safar kwa sababu inafunua tabia za watu, kwani asili ya neno hili katika Kiarabu ni kufunua, kama mwanamke anavyofunua uso wake. Kwa hiyo ndiyo maana Umar (R.A.), alipojiwa na mtu anayemtolea mwenzake ushahidi wa wema, alimwuliza kama amewahi kusafiri naye. Mimi huongeza jambo moja hapa. Ukisafiri na mwenzako, yeye ndiye anayekufunua. Ukisafiri peke yako, anayefunuliwa ni wewe mbele ya nafsi yako. Nyumbani kulikuwa na mama wa kukuamsha Alfajiri na jirani wa kukutupia jicho ukipita mbele ya kilabu. Machimboni wote hao hawapo. Swala itakayobaki hapo ndiyo swala yako, na iliyoanguka ilikuwa ya mama.

Nabii Musa (A.S.) alitoka Misri peke yake, mwenye hofu, asiye na chakula wala mwenyeji. Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 21, inatusimulia alivyofika kwenye maji ya Madyan. Jambo la kwanza alilofanya mgeni huyu mwenye njaa ni kuwanyweshea wanyama wasichana wawili waliokuwa wamerudi nyuma kuwaachia wachungaji wengine. Kisha akakaa kivulini akamweleza Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Hakuomba kazi kwa wale aliowasaidia. Akapata nyumba, mke, na mkataba wa kazi wa miaka minane, akitaka kumi. Ile miaka ya kuchunga mifugo ya mtu mwingine ndiyo aliyotoka nayo kwenda kusimama mbele ya Firauni.

Imamu Ghazali mwenyewe aliondoka Baghdad mwaka 488 Hijria (1095 Miladia), akiacha kiti cha kufundishia ambacho watu walikitamani, akaenda Sham kujitenga na kuitibu nafsi yake. Wanaomtaja kama mfano wa kuacha yote husahau alichokiandika katika al-Munqidh: aliigawa mali yake, lakini alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, na baadaye wito wa watoto ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao. Na mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba inatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha.

Ibn Battuta ndiye aliye karibu zaidi na kijana wetu wa begi. Alitoka Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na kidogo, bila rafiki wala msafara. Alipoingia Tunis, watu walitoka kuwalaki wageni wao, kila mtu akasalimiwa ila yeye, kwa kuwa hakuna aliyemjua, akalia. Mahujaji mmoja akamwona, akamjia kwa salamu na maneno ya kumliwaza. Msafara ulipotoka Tunis, yule aliyelia ndiye aliyekuwa kadhi wao. Alifika Kilwa mwaka 1331, akawakuta watu wake ni Mashafii, na huko akasikia habari za dhahabu ya Sofala. Alianza peke yake. Hakuendelea peke yake. Kila mji alioingia alitafuta kwanza msikiti, zawia, au kadhi wa mahali.

NIA, DENI NA SWALA

Mafakihi wana neno "haaim", yaani mtu anayetembea asijue anakoelekea. Huyu katika madhehebu yetu hana ruhusa ya kupunguza swala hata akienda mwendo wa mwezi, kwa sababu hana kituo alichokikusudia. Sheikh Abu Muhammad al-Juwaini alikwenda mbali zaidi, akasema kutembea kwa ajili ya kuona miji tu si lengo sahihi la kumpa mtu ruhusa. Waliokuja baadaye wakatofautisha hilo na kusafiri ili kuipumzisha nafsi iliyochoka, ambalo wamelihesabu kuwa lengo. Kijana anayefuata kila fununu ya dhahabu, leo Bugarama, kesho Geita, keshokutwa hajui, ajipime hapo.

Ama anayetoka Tabora akijua anakwenda Bugarama kufanya kazi ya msimu, njiani atapunguza. Akifika na nia ya kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ameshakuwa mkaazi: atimize swala, na Ijumaa ni wajibu kwake, ingawa hahesabiwi katika wale arubaini kwa kuwa hajafanya pale kuwa makazi yake ya kudumu. (Maimamu wa kambi ambazo watu wake wote ni wageni wanalijua tatizo linalozaliwa hapa, lina mjadala wake.) Nimewakuta waliokaa miezi minane wakipunguza, wakidai wao ni wasafiri.

Mwenye deni lililofika muda hana haki ya kuondoka bila idhini ya mdai wake. Safari ya biashara yenye amani haihitaji idhini ya wazazi kwa kauli yenye nguvu, lakini kuwaaga ni jambo jingine. Kuhusu mwanamke, hadithi za mahram ni sahihi na zinajulikana, na ruhusa waliyoitoa Mashafii ya kufuatana na wanawake waaminifu ni katika Hija ya faradhi. Mas-ala ya akina mama wanaokuja machimboni kupika na kuuza yanahitaji makala yake.

Na wasia uandikwe. Ni huyo huyo Ibn Umar aliyepokea kwamba haimfalii Mwislamu mwenye cha kuusia apitishe siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Kwa msafiri wa peke yake, karatasi hiyo iwe na jina lake kamili, kijiji chake, namba ya simu ya nyumbani na madeni yake, naye amkabidhi imamu wa msikiti wa kwanza anaofikia. Maimamu nasi tuwe na daftari la wageni. Ni kazi ya dakika tano baada ya Isha.

Maana aliyeachwa Kasulu ana hukumu yake pia. Mume akipotea, haijulikani yu hai au amekufa, kauli mpya ya Imamu Shafii ni kwamba mke asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka. Kauli yake ya zamani, inayokubaliana na hukumu iliyopokewa kwa Umar (R.A.) na kushikwa na Imamu Malik, ni angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Kwa kauli yoyote itakayochukuliwa, kadhi atakayeletewa shauri hilo ataanza kwa kuuliza mumewe alionekana lini mara ya mwisho, na alikuwa na nani.

Wallahu aalam.